Vikombe Viwili Ambavyo Fereti Hakunywa

Hospitalini, kisiwani Savai'i
Jumatano

Mdogo wangu Alapati,

Nakusalimu kutoka kitandani, nikitumaini kwamba nyote huko Auckland hamjambo na goti lako limetulia. Moyo wangu unaendelea vizuri. Uvimbe wa miguu umeshuka hadi vifundoni.

Najua utauliza tunavyotibiwa, basi nikueleze. Mgonjwa wa moyo aliyevimba huruhusiwa vikombe vitano tu vya maji kwa siku. Anachokunywa na anachokojoa huandikwa kwenye karatasi inayoning'inia miguuni pa kitanda, na asubuhi, kabla ya chai, hupimwa uzito. Daktari akipita huisoma karatasi kwanza, ndipo aamue dawa. Manesi ni wachache, kwa hiyo jamaa ndio huandika. Yangu huiandika shemeji yako Sulia, aliyetandika mkeka wake kando ya kitanda changu.

Jumamosi, kitanda cha pili akaletwa Fereti. Ndiyo, yule wa kwaya aliyemchumbia Sulia kabla yangu. Watoto wake wote wako Brisbane, hana wa kumwandikia. Sulia akaichukua karatasi yake pia. Laiti angeishia kuandika! Alimpepea, akammenyea majimbi. Fereti akamwambia sauti yake bado ni ile ile ya kwaya, naye akacheka hadi machozi: "Nyamaza wewe mzee, kojoa nikuandikie!" Mimi, miaka arobaini na sita ya ndoa, sijawahi kumchekesha hivyo.

Sasa haya usimsomee mtu. Jumatatu mchana Sulia alipokwenda kuoga, nilishuka kitandani, nikaiga mwandiko wake, nikamwongezea Fereti vikombe viwili ambavyo hakunywa. Nilitaka aone kiu, apunguze maneno. Mimi mwalimu, niliyekuwa nawachapa watoto kwa kunakili majibu! Jioni alipoomba maji, nesi alimwambia, "Baba, ya leo umeshamaliza." Akajibu kwamba labda amesahau, uzee huo.

Jana asubuhi daktari aliona maji yameingia mengi na kutoka machache, akamwongezea dawa ya kukojosha. Hilo sikulifikiria, mimi ninayependa kueleza kila kitu. Saa sita Fereti aliinuka kwenda chooni, akaanguka. Presha ilikuwa imeshuka. Sulia akawa analia, anamwambia nesi kwamba yeye ndiye aliyehesabu vibaya. Hapo nikasema, mbele ya wodi nzima, kwamba ni mimi.

Alitundikiwa dripu, na leo ameamka salama. Aliniambia, "Mwalimu, ungeniambia tu ninyamaze. Ningekataa, lakini ungeniambia."

Sulia hakunigombeza. Alikunja mkeka wake akautandika upande wa pili wa kitanda changu, ule wa Fereti. Anasema hajahamia kwa Fereti. Amehamia kati ya Fereti na mimi.

Namwombea Fereti apone upesi, na sitakuficha kwamba nusu ya dua hiyo ni ili aondoke.

Wasalimie watoto, na mkeo umwambie blanketi alilotuma limefika.

Kaka yako,
Semisi