Kuku Mzee Asichinjwe

“Mchinje huyo kikongwe, mama, hali chochote, anateseka bure!”

“Na wewe siku ukikosa hamu ya kula, tukuchinje?”

Wanangu, ndivyo nilivyoamkia leo, mimi na jirani yetu fundi cherehani, ukuta katikati.

~~Baba akirudi amchinje kuku.~~ Hapana, msimguse! Mpeni maji tu, mkipapase taratibu kile kifuko cha shingoni kilainike. Kimejaa mkate! Nilikuwa nimeshamkubalia fundi, lakini kabla sijamaliza kuandika nimechungulia juu ya ukuta wa uani, nikamkuta fundi huyohuyo amepiga magoti, anamlisha kupitia tundu la ukuta. Eti huruma! Kumbe sisi tunalia hali, mwenzetu anashiba kwa jirani. Nimecheka hadi kilemba kikadondoka.

Nimekimbilia sokoni. Chakula kiko jikoni. Mwiteni fundi tule naye mchana, aje na mkate wake. Leo tutaula sisi.

Mama yenu