Mafuta ya Mgando kwenye Kioo

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefungua studio, nimefagia, nimefuta filta. Ya nyota, ya rangi ya machungwa, ya laini. Hii ya laini ni kioo cha kawaida tu. Baba anakipaka mafuta ya mgando, anakifunga mbele ya lenzi, sura inatoka ya kindotondoto. Kwa bibi harusi, sawa. Leo kaifunga kwenye picha ya pasipoti. Pasipoti! Mteja karudi amefura, ofisini wameikataa. Baba anasema ndiyo mtindo wa sasa. Mtindo gani, wa mizimu? Nimepiga upya mimi. Hasira haijaniisha.

Mchana Mama kaleta wali. Kitenge cha manjano tena. Mwezi mzima hicho hicho, Mlandizi yote wanamjua kwacho. Nikamtania kwamba amekula nacho kiapo. Akacheka tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Harusi Kisarawe. Baba na lenzi yake ya zamani, ya kulenga kwa mkono. Haambiliki. Mafuta tangu nyumbani kwa bibi harusi mpaka ukumbini. Alipokwenda kula nikaifungua filta, nikaitia mkobani. Hakugundua. Kapiga hivyo hivyo mpaka mwisho. Nimejiona mjanja kweli.

Jumapili, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Picha za baada ya chakula, zile zisizo na filta, zote ukungu. Bibi harusi hana macho. Nguzo nyuma yake imetoka safi, mpaka msumari unaonekana. Nikamwita Baba atazame kwenye kompyuta. Akasogeza uso mpaka pua karibu iguse. Akatabasamu. Akasema, umeona mafuta yanavyofanya kazi?

Filta ilikuwa mkobani mwangu.

Baba haoni. Ndiyo maana mafuta kila mahali. Kila picha ikiwa na ukungu, nani atauliza ukungu wa kwake? Bahati nami nilipiga pembeni, harusi ya watu imepona. Yeye je?

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia. Filta nilikuwa nayo mimi, Baba. Akawaka: namtega, yeye baba yangu mzazi? Nikasema huyo ni mtoto wa jicho, hospitali wanamtoa. Akasema kaka yake alipasuliwa jicho, akarudi nyumbani ameshikwa mkono, na akazikwa hajaona tena. Sikuwahi kulijua hilo.

Akatoka kwa hasira, akavuka barabara. Bodaboda ikafunga breki, dereva akamtukana. Baba naye akajibu, anatukana upande ambao hakuna mtu.

Nimelia chooni. Naogopa. Leo bodaboda, kesho lori.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda kwa Mama na filta. Nimeipaka mafuta, nimemshikisha jichoni, nikamwambia anitazame. Kaishika muda mrefu. Akasema, najua, mwanangu.

Anajua! Siku moja sokoni Baba alimpita, akaenda kumkabidhi jirani yetu samaki akidhani ni mkewe. Mama hakusema kitu. Kesho yake akavaa manjano, na hajayavua. Baba apate kumwona kwa mbali, asiaibike.

Nimemgombeza, Mungu anisamehe. Manjano hayatibu jicho, Mama. Akaniambia, ningemwambia angejua kwamba nimejua. Watu gani hawa, wanafichana kitu ambacho wote wawili wanakijua? Nimeondoka bila kuaga.

Ijumaa, 15 Agosti



Saa ya chakula mtu akasimama mlangoni, jua nyuma yake. Kanga ya kahawia, ya siku nyingi. Mama. Hana bakuli, hasemi. Nilitaka kufungua mdomo, akanizuia kwa kichwa.

Baba akainua uso, akajifuta mikono. Akamchangamkia kama anavyowachangamkia wageni wote.

"Karibu dada. Ya pasipoti au ya ukumbusho?"

Mama akabaki amesimama. Machozi yanamtoka, na Baba bado anatabasamu, anamwonyesha kiti.

"Baba Zuhura, ni mimi."

Sitaki kuuona tena ule uso wa Baba. Alikaa mwenyewe kwenye kile kiti cha wateja. Mama akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti. Nikafunga mlango, nikakaa nje. Wateja wawili nimewafukuza.

Jumatatu, 18 Agosti

Leo kliniki ya macho. Baba kaoga mapema, kavaa shati la swala ya Ijumaa, kakaa kitandani. Anaogopa, hafichi. Chai hakugusa.

Nikiwa nawasubiri nimeiosha filta ya laini kwa sabuni. Mafuta yametoka yote.

Mama akatokea na gauni jeusi, tayari kwa safari. Baba akamwambia, nami nasikia:

"Mama Zuhura, vaa kile cha manjano. Huko watu wengi, nisije nikakupoteza."

Mama akarudi ndani. Anakipiga pasi.