Tawi Halikukatika

Mgogoni, Pemba
Mwezi wa Shaabani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu umepungua uvimbe? Bado unapanda kilima kwenda kisimani, au umekubali kuchotewa? Mimi mwili ni mzima, ila mkono wa kushoto haujanyooka vizuri. Najua anayekusomea ni mke wangu Mwanaidi, maana hapo nyumbani hakuna mwingine ajuaye herufi. Barua nilizomwandikia yeye alizirudisha hazijafunguliwa, na haki anayo. Hii ni yako, basi aisome yote, asiruke neno.

Karafuu mwaka huu zilikuwa chache. Siku hizi huku ni vyama vya siasa tu. Mtu wa bara akikohoa dukani, anaulizwa kakohoa kwa chama gani. Mimi napalilia shamba la watu na nanyamaza.

Mama, mwaka juzi nilikuandikia kwamba tawi la mkarafuu lilikatika nikaanguka, nikanusurika kwa kuvunjika mkono tu. Ukaita watu, mkasoma maulidi ya shukrani, ukachinja na jogoo wako. Tawi halikukatika. Nilipanda nimelewa tembo la mnazi, asubuhi kweupe, na wenzangu walinikataza. Ule unyapara niliokutangazia, kwamba nasimamia wachumaji, sijawahi kuushika hata siku moja. Miaka minne hii nimekuwa mlevi, mama yangu. Naona haya.

Si kwamba sikujaribu kuacha. Mara tatu niliapa nimeshika Msahafu, na mara tatu nikavunja kiapo. Nikaogopa hata kuingia msikitini. Nikajiona nimekwisha kuharibika, sasa najizuia kwa ajili gani? Nikazidi kunywa.

Hapa kuna Mzee Khatibu, zamani alikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, na pombe aliijua kabla ya kuiacha. Kila Ijumaa baada ya Alasiri hutukalisha barazani kwake watu watano, wote tuliotoka kwenye ulevi au tunaotaka kutoka. Siku ya kwanza nilimwambia niko tayari kuapa tena.

"Hapa ntu haapi," akasema. "Na mie si mwalimu wako. Mwalimu wewe, mwanafunzi wewe. Ukisema uongo, wamuongopea nani?"

"Sasa kazi yako wewe ni nini, Mzee?"

"Mie kazi yangu kutia kahawa."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Kumbe ndivyo masomo yenyewe yalivyo. Kila mtu ana daftari lake. Ukishaswali Alfajiri unajiita jina, unajiuliza kwa sauti, na unajibu kwa maandishi: Selemani, jana hamu ilikujia wapi? Ulikuwa na nani? Leo utapita njia ipi? Majirani walituona tunajisemesha peke yetu kondeni wakasema tumepandwa na mashetani, na mmoja alitaka kutuletea mganga.

Daftari lile ndilo lililonifumbua macho. Nililipekua ukurasa baada ya ukurasa, nikaona hamu yangu haitoki kwa mgema wala kwa marafiki. Hunijia siku inapofika barua yako. Nikisoma unavyomsifu mwanao mnyapara, unavyonitaja mbele ya watu, siwezi kukaa na maneno yale bila kunywa. Mwezi uliopita ilikuja nyingine, nikalewa siku mbili mfululizo.

Nilirudi barazani nimeinamisha kichwa. Mzee Khatibu hakunigombeza. Alinitilia kahawa, akasema, "Basi kaandike. Waambie kweli, wala usiwaombe kitu. Somo la mwisho ndo hilo."

Imenichukua wiki mbili kulianza somo hilo. Siombi radhi, mama, ingawa naitamani kuliko chakula. Wala siahidi kitu. Leo ni siku ya kumi na tisa sijaonja tembo. Ya kesho siijui.

Nisalimie mjomba Athumani pale kwenye cherehani yake, na shangazi wa vitumbua. Yule maalimu aliyesoma maulidi, mpe salamu na umweleze ukweli, nisije nikasifiwa tena.

Mwanaidi nimemweka mwisho kwa sababu yeye ndiye mzito. Mwanaidi, miaka minne umekaa kwa mama yangu ukimngoja mtu ambaye hayupo. Aliyepo ni huyu uliyemsoma sasa hivi. Ukiitaka talaka yako, andika neno moja tu, nami nitakwenda kwa kadhi siku hiyo hiyo na karatasi yako ipande meli ya kwanza. Sitakulaumu, wala mama asikulaumu. Ukitaka kungoja, sina cha kukuonyesha isipokuwa daftari. Nakupenda, na hilo lisikufunge.

Mama, akinyamaza hapa, usimhimize.

Mwanao,
Selemani