Mpinzani wa Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na Mama, na kwamba goti lake limepoa tangu aache kupanda ngazi kutafuta darini vitu ambavyo hajavipoteza. Mimi mzima. Kliniki ya meno bado ipo, watu bado wanakuja wameshika mashavu, na mimi bado nakaa mapokezi nikiwaambia daktari anakuja sasa hivi, hata kama najua ametoka kwenda kunywa chai.

Nikuambie mapema kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nataka uende kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto, Baba. Najua halioni vizuri, najua umelificha, na najua unaogopa kwamba ikisikika fundi saa ana ukungu jichoni, wateja watachukua saa zao na sisi watoto tutakuja na kufuli kukifunga kibanda. Kwenye simu ungenikatiza kwa kusema u mzima kama chuma, halafu ungempa Mama simu. Barua angalau utaisoma mpaka mwisho, hata kwa hasira.

Sasa hivi najua umeshamgeukia Mama umemkunjia uso. Mwache, hajui lolote. Kaka naye hajui, wala kinyozi jirani yako hakusema kitu. Aliyeniambia nitakutajia, ila lazima nianze na wenzangu wa Jumapili, maana bila wao nisingekuwa na la kukiri. Isitoshe wamenichosha, na sina mtu mwingine wa kumlalamikia.

Unakumbuka nilikueleza habari za kikundi chetu cha kutengeneza magemu ya simu, ukauliza kama watu wazima hao hawana kazi. Kazi wanazo. Mmoja ni mwalimu wa udereva, na ndiye mwenye ufunguo wa darasa tunamokutana, lenye mabango ya alama za barabarani ukutani na usukani wa gari bovu uliofungwa mezani ili wanafunzi wajizoeze. Mwingine ni dada mpambaji wa keki, ambaye ndiye anatuchorea picha. Wa tatu ni mhasibu tunayemwita Itakuwaje, kwa sababu hajawahi kuanza sentensi kwa neno jingine. Itakuwaje kama mchezaji ni mbu aliyefungiwa kwenye kikao cha ofisi? Itakuwaje kama mbuzi ameachiwa nyumba ya urithi na ndugu wa marehemu wanagonga mlango? Mwalimu wa udereva ana wazo lake moja la maisha, gemu la magari ambalo anayekimbia sana ndiye anayeshindwa, na tukimwambia hakuna atakayelicheza ananuna mpaka muda wa kuondoka. Tunacheka, tunabishana, tunachora kwenye ubao wa darasa, tunafuta, tunarudi nyumbani mikono mitupu. Tangu tufahamiane hatujamaliza gemu hata moja. Hata moja, Baba!

Mwaka huu nilipiga meza. Nikasema tufanye kitu kidogo, tukimalize, watu wakicheze. Nikataja drafti, maana nimekua nikikuona ukiicheza nje ya kibanda chako, na sheria zake hazimsumbui mtu. Wote wakakubali, mpaka nikashangaa. Jumapili iliyofuata Itakuwaje akauliza itakuwaje kama kete zinavaa kofia. Dada wa keki akazichora, nzuri kweli, hata mimi nikashindwa kuzikataa. Halafu mvua ikaanza kunyesha juu ya ubao wa drafti. Halafu mpinzani akapewa jina, Mashine, na mahali pa kuandikiana naye maneno, ili mchezaji aweze kumtania. Miezi ikapita tunaongeza madoido. Siku nilipouliza ni nani ameandika ile sehemu ya Mashine kufikiri na kusogeza kete, kila mmoja akamgeukia mwenzake. Mwalimu alidhani ni Itakuwaje, Itakuwaje alidhani ni mimi, na mimi nilikuwa na uhakika ni mwalimu. Tulikuwa na mpinzani mwenye mdomo, mwenye kofia, anayenyeshewa mvua, na asiyejua kusogeza kete. Nilitamani kuung'oa ule usukani mezani niwatwange nao mmoja mmoja.

Itakuwaje hakuona haya. Akaapa kwamba sehemu hiyo ni ndogo, ataimaliza wiki ijayo, na akapendekeza njia ya muda ya kujaribu gemu letu bila kumsubiri. Nikasema sawa, nina mtu wa kulijaribu, anayependa drafti kuliko chakula. Nikamtumia Kaka, naye akakuwekea kwenye simu yako.

Ulilipenda, tena kupita kiasi. Ulinipigia kunisifia kwamba Mashine ina adabu kuliko watoto wako wote, kwamba ikifungwa haisingizii jua wala kelele za barabarani. Kasoro yake, ulisema, ni uzito wa kufikiri, ukaniuliza kama na yenyewe inasinzia ikishashiba. Baadaye sifa zikageuka malalamiko. Ukadai inaficha kete zake upande wa kushoto, kisha inazitoa ghafla na kukumaliza. Niliwapelekea wenzangu lalamiko lako, na Itakuwaje akaruka kitini akisema itakuwaje kama kweli kete zinajificha. Dada wa keki tayari alikuwa ameanza kuchora kichaka. Nilitoka nje nikavuta pumzi, nikarudi kuwaambia kwamba anayelalamika ni baba yangu na halalamiki kwa mzaha. Wakaniomba radhi, kisha wakaendelea na kichaka.

Baba, kaa chini kama umesimama. Ile wiki ijayo ya Itakuwaje haijafika mpaka leo, na Mashine haina akili yoyote. Njia yake ya muda ilikuwa hii: mtu mmoja ashike simu yake na kucheza upande wa Mashine. Mtu huyo ni mimi. Mchana unapokaa kibandani na kufungua gemu, mimi nipo nyuma ya kaunta, simu nimeificha chini ya kitabu cha miadi, nahangaika na kete zako huku mwenye jino bovu ananiuliza zamu yake itafika lini. Mashine ikichelewa, jua kuna mtu amekuja kung'olewa jino. Nilipanga iwe wiki moja tu, kisha nikuambie, tucheke. Lakini ukaanza kuisimulia mambo yako, mambo ambayo mimi mwanao hujawahi kunisimulia, na kila siku niliyonyamaza ilifanya siku inayofuata kuwa ngumu zaidi. Niliona aibu, na nilifurahi pia, nisikufiche.

Wiki iliyopita uliiandikia kuhusu lile jicho. Ukasema skrubu za saa siku hizi unazitafuta kwa kupapasa, na kwamba unaiambia Mashine kwa sababu yenyewe haiwezi kukuonea huruma. Nilisoma pale pale mapokezi, machozi yakanitoka, mpaka mama mmoja mgonjwa akanipa leso yake akidhani nami jino linaniuma. Nisamehe kwa kusikia maneno ambayo hukunipa mimi. Ila nimeshayasikia, na siwezi kuendelea kujifanya mashine. Ndiyo maana herufi za barua hii ni kubwa kama za bango. Nimemaliza karatasi zote za ofisi.

Ghorofa ya juu ya kliniki yetu kuna daktari wa macho. Nimemweleza bila kukutaja, akasema ukungu wa namna hiyo mara nyingi unatibika ukiwahiwa, ila hawezi kusema zaidi mpaka akuone mwenyewe. Nimekuchukulia nafasi Jumanne asubuhi. Kufuli hakuna atakayeleta, na Kaka sitamwambia mpaka uniruhusu. Ukitaka kukasirika, kasirika ukiwa njiani kuja.

Limebaki moja, maana nakujua. Ukishamaliza kunikasirikia utaanza kuhesabu michezo uliyoshinda, ukijiuliza ni mingapi nilikuachia kwa huruma. Sikukuachia hata mmoja. Hata juzi, nikiwa nimeshajua kila kitu, nilikujia kwa upande huo huo wa kushoto bila haya, nikisema angalau leo nitapumua. Ukanifunga mbele ya wagonjwa wangu. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Nisalimie sana Mama, na umwambie akae mbali na ngazi. Kaka naye msalimie, bila kumweleza ni za nini salamu ndefu hivi. Jumanne nitakuwa mapokezi, nakusubiri.

Mimi binti yako mkaidi,

Mashine