Mutwiri Hakunywa Ile Spiriti

Wewe mama wa mtaa wa Dallas hapa Embu, huna haya. Mtu amefukuzwa kazi kwa kosa lako, na wewe unaniuliza habari ya kwaya. Barua yako naiweka hapa gazetini yote watu waisome, halafu tuongee.

"Cucu Ruguru, nyanya yetu mpendwa, nisaidie kwa sababu hata usingizi sipati, mimi nafanya kazi kwa kiwanda kidogo hapa Embu, tunachukua lesithini ya soya, ile kitu nzito kama asali, tunatoa humo fosfolipidi safi ya kutengenezea dawa, na kazi yenyewe ni hivi, gesi ya kaboni dioksidi inabanwa na kupashwa moto mpaka inakuwa si gesi si maji, inapita ndani ya lesithini inabeba mafuta ya kawaida, halafu mara ya pili inachanganywa na spiriti kidogo, ile pombe kali, ndio ibebe fosfolipidi, sasa Cucu, ndugu yangu Ngari alikufa kule Ishiara kwa pombe mbaya, alipofuka macho kwanza, na mbele ya jeneza lake niliapa kanisa lote likisikia kwamba mkono wangu hautamimina pombe maisha yangu yote, kwa hivyo nilipopewa mashine hiyo nikauambia moyo wangu kwamba gesi iliyobeba mafuta peke yake itabeba na hii nyingine, nikafunga bomba la spiriti, lakini chupa ya kupokea ikabaki tupu, nikaogopa, nikamwaga spiriti kwa mtaro ionekane imetumika, basi meneja alipoona fosfolipidi hakuna na spiriti imeisha akasema imenywewa, na mwenye ufunguo wa stoo ni Mutwiri, ambaye zamani alikuwa mlevi akaacha, akafukuzwa mbele yetu sote, akaniangalia akasema, 'Dada, si tulikuwa pamoja, waambie,' na mimi nikaangalia chini, sasa amerudi kwao Meru na nasikia mke wake Kagwiria amemwacha akarudi kwa mama yake, nikisema ukweli nitapoteza kazi, na kwaya wataniondoa, na tena kiapo ni kiapo, Cucu nifanye nini?

Mwimbaji, Dallas, Embu"

Sasa sikia. Pole kwa Ngari. Mimi pia nimezika watu kwa sababu ya hiyo takataka, na hiyo pole natoa kwa moyo. Imeishia hapo.

Mimi nilifika darasa la tatu, na mashine yako siijui. Sufuria naijua. Ikishika mafuta mabaya, maji peke yake hayatoi, unaongeza majivu. Wewe uliambiwa gesi inataka spiriti, ukajifanya unajua kuliko waliokufundisha. Kama roho ilikukataza, si ungemwambia meneja, "Mimi na spiriti hatupatani, nipe kazi nyingine"? Nani angekukata kichwa?

Usiniletee habari ya kiapo. Uliapa kwa sababu pombe ilichukua mtu wako. Ngari alikuwa mlevi na ulimlilia. Mutwiri ameacha, amehangaika mpaka akaacha, na mbele yake yeye ndio uliangalia chini badala ya kumtetea. Mtu akiitwa mlevi kila anakopita, na nyumba yake imebaki baridi, unafikiri jioni ataenda kukaa wapi? Siku akirudi kwa pombe, nawe uitwe kuimba kwa mazishi yake, utaapa nini tena?

Kazi ikienda, iende, mikono unayo. Kwaya wakikuondoa, kaa benchi ya nyuma uimbe kutoka huko. Mungu si kiziwi.

Kesho asubuhi, kabla hujavaa nguo za kazi, enda kwa meneja. Waite wale wale walioona Mutwiri akifukuzwa, useme wakisikia, na uwaonyeshe mtaro. Ukitoka hapo panda gari la Meru. Usianze kwa Mutwiri. Anza nyumbani kwa mama wa Kagwiria, umwambie Kagwiria mwenyewe, "Mume wako hakunywa, nilimwaga mimi," kisha mwende kwa Mutwiri pamoja. Na usibebe sukari wala majani chai ya kujificha nyuma yake. Ingia mikono mitupu, useme.