Kalamu ya Profesa Ibude

Durban, Juni 1999

Mpenzi Mwaura,

Bado nausikia ule mlio mdogo, tak, wa Profesa Ibude akifunika kalamu yake ya wino.

Huku baridi imeingia. Abby, mwenzangu wa chumba, bado anaunguza chapati.

Profesa anarudi Nigeria. Jimbo lake limepata gavana wa kiraia, naye ameitwa awe mwanasheria mkuu. "Eish, huyu amepotea!" Abby alisema. Mimi nilimfuata ofisini nijue sababu.

"Prof, wanasiasa si watakutumia tu?"

"Watajaribu," akacheka. "Lakini, binti yangu, nimeandika miaka mingi kuhusu mahabusu waliosahaulika, na makala zangu hazijamtoa hata mmoja. Kule, sahihi yangu inafuta kesi."

Akafunika kalamu.

Wiki nzima nimejiuliza ninasoma sheria ili niijue tu, au ili imfikie mtu. Najua mjomba wako ameniwekea meza katika ofisi yake ya mawakili, tukae Nairobi tukishaoana. Mwambie asante, ampe mwingine. Nimekubali kazi ya wakili wa serikali, Kakamega. Kama bado unanitaka, utanikuta huko. Jibu langu kwao nililiposti jana, kabla ya kukuandikia wewe.

Akupendaye,
Mildred