Neno Ambalo Baba Hakulijazia Maana

Jumamosi, Changamwe. Mawingu tangu alfajiri, na nguo za jana bado mbichi kwenye kamba. Sina hamu ya kula.

Kesho jioni tunapanda basi kwenda Vihiga kumzika Baba. Mwili hatuna. Alianguka kutoka kwenye meli ya mizigo aliyofanyia kazi, wenzake wakamtafuta siku nne, kisha meli ikaendelea na safari. Umetimia mwaka. Kwetu, mwili usipopatikana, huzikwa shina la mgomba lililovishwa nguo ya marehemu. Nyanya alimpigia Mama simu, sauti yake ikanifikia hadi jikoni: "Mwanangu hatalala nje mwaka wa pili."

Mimi nilikataa. Nilimwambia Mama kwamba kuzika mgomba ni kumtupa Baba. Nikaongeza kwamba yeye amechoka kumngoja.

Hilo najuta.

Mama aliendelea kuchagua mchele.

Jumatatu nililibeba shuleni daftari la Baba la kozi ya ubaharia. Kushoto ameandika maneno ya Kiingereza, kulia Kiswahili, yote kwa penseli. Neno moja tu hakulijazia maana: lagan. Mwalimu wetu wa Kiingereza naye hakulijua, akatoa kamusi kubwa ya maktaba tukasoma pamoja.

Ni mzigo uliozama baharini ukiwa umefungiwa boya, ili mwenyewe arudi auchukue. Ule ulioachwa bila tumaini una jina lake jingine. Neno liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na huenda kabla ya hapo lilikuwa la watu wa kaskazini ya Ulaya, kutoka kwenye neno lao la kulaza kitu. Wataalamu hawana hakika.

Kulaza. Na mimi nilimwambia Mama kutupa.

Mwalimu aliponiuliza kwa nini nalia, nilisingizia vumbi la kamusi.

Nimeliwaza juma zima. Baharini hatuwezi kumfungia Baba boya, hata mahali penyewe hatupajui. Lakini kule nyumbani, kando ya kaburi la Babu, panaweza kuwa na alama kwamba mtu huyu ana wenyewe.

Leo mchana Mama alifungua sanduku la nguo, akakaa tu akiliangalia. Kisha akasema, "Chagua wewe, Imani. Mikono yangu imekataa."

Nilichagua shati la buluu la kanisani, lile nililotaka kubaki nalo. Nikalipiga pasi, kola mara mbili, na nikiwa bado nimeinama nikamwomba Mama msamaha. Akaigusa ile kola.

"Alikuwa hapendi mikunjo," akasema.

Daftari haliendi kaburini. Lile pengo nimelijaza kwa penseli, kwa herufi ndogo kama zake.

Kuamini kwamba amekufa, bado sijaweza. Jumanne wataniita nitupe udongo. Je, mkono wangu utakubali?